Kona ya Rimoti: Slow Horses, Kitabu Kwanza au Skrini Kwanza?

Toleo lililopita niligusia Slow Horses juu juu tu, basi meseji zikamiminika, wengine mnaisifia, wengine mnauliza inasifiwa kwa lipi, na kuna mmoja ananidai hela ya bando. Kwa ambaye hajaiona, ni tamthilia ya kijasusi ya Apple, imeanza Aprili 2022, imetolewa kwenye riwaya za Mwingereza Mick Herron. Inahusu maofisa wa MI5, idara ya ujasusi ya Uingereza, walioboronga kazi wakatupwa kwenye jengo bovu la London linaitwa Slough House, chini ya bosi mchafu kuliko jengo lenyewe, Jackson Lamb, anayeigizwa na Gary Oldman. Kila sizoni episodi sita, na hadi sizoni ya 5 ilikuwa kitabu kimoja kwa sizoni moja. Angalizo: sizoni ya 1 naimwaga yote humu, zile nyingine nazigusa. Usije kunilaumu.

Anti, nilianza kwa mbwembwe, zile dakika za mwanzo za uwanja wa ndege nilikaa ukingoni mwa kochi, halafu ghafla tukahamia kwenye ofisi chafu watu wanachambua takataka. Episodi ya pili nimelala. Nivumilie au niachane nayo? – Mdau, Sinza

Vumilia hadi ya tatu mdogo wangu, ikikushinda hapo achana nayo kwa amani, hakuna mtihani.

Ila nikwambie kitu, hicho kilichokulaza ndiyo stori yenyewe. Ule mwanzo wa Stansted, kijana River Cartwright anamkimbiza mtu mwenye bomu, anapewa maelezo ya nguo, anamkamata mtu, kumbe siye, na bomu "linalipuka", kumbe lilikuwa zoezi la mafunzo, lakini kufeli ni kufeli. Wangemfukuza kabisa, sema babu yake alikuwa mkubwa huko idarani enzi za Vita Baridi, kwa hiyo badala ya kufukuzwa akapangiwa kazi nyingine, na si unajua huku kwetu "atapangiwa kazi nyingine" maana yake nini. Ndiyo hiyo Slough House. Yaani idara haitaki kesi za kufukuza watu, inawapa kazi za kuchosha, leo kagua orodha za namba za magari, kesho chambua mfuko wa taka wa mwandishi wa habari, mpaka uchoke mwenyewe uandike barua ya kuacha kazi.

Sasa watengenezaji wamefanya makusudi, wamekupa dakika za mwanzo za sinema ya kijasusi kama ulizozoea, halafu wakakunyang'anya, ili uisikie ile hasira anayoisikia River akiwa amekaa na glavu anapekua maganda. Kwenye kitabu zoezi lenyewe liko stesheni ya treni ya King's Cross, siyo uwanja wa ndege, wao wakalihamishia Stansted. Sioni ubaya, uwanja wa ndege unapendeza zaidi kwenye picha.

Siz, mimi ni mtu wa vitabu, nasoma mpaka karatasi ya kufungia mandazi. Marafiki zangu wote hapa Nakuru wameona series, wananiambia nisijisumbue na kitabu juu ni kitu kimoja. Ni ukweli? Nianze na gani? – Msomaji sugu, Nakuru

Si kitu kimoja hata kidogo, ingawa matukio yanafanana sana. Hapa naomba nafasi maana ndiyo ugomvi wangu na watu wengi.

Umewahi kukaa kwenye kibanda umiza ukaangalia movie iliyotafsiriwa na DJ? Yule DJ anafasiri, sawa, lakini pia anamcheka staringi, anamtukana adui, anakudokeza kwamba huyu dada mzuri msimuamini, anaunganisha na bei ya unga, yaani kuna movie na kuna DJ, na mara nyingi umelipa kwa ajili ya DJ. Basi vitabu vya Herron viko hivyo. Kuna msimulizi ambaye hayumo kwenye stori, hana jina, ila mdomo anao. Anawasema wahusika, anaisema serikali, anaisema London. Kitabu cha pili, Dead Lions, mapema tu kina paka wa kufikirika anayepanda ngazi za Slough House chumba kwa chumba na kuona kila mtu anavyotaabika, kile cha London Rules ni alfajiri yenyewe inaingia jengoni kama mpangaji. Hakuna kinachotokea humo kwa lugha ya televisheni, hakuna aliyepigwa risasi, lakini ukimaliza hizo kurasa unamjua kila mtu ana kidonda gani.

Kwenye skrini huyo DJ hayupo, wamemtoa. Ingewezekana kuweka sauti juu ya picha ila ingechosha haraka. Walichofanya, kwa mtazamo wangu, ni kuchukua ule mdomo wote wa msimulizi na kuumwaga kwa Gary Oldman. Ndiyo maana Lamb wa kwenye TV ni mkubwa kuliko Lamb wa kitabuni, kwenye kitabu kuna kurasa nyingi tu hayupo na huchoki, kwenye TV akitoka kwenye chumba unaona taa imepungua mwanga.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, na ni kwako wewe mtu wa vitabu, soma cha kwanza kabla hujaona chochote. Kilitoka 2010, wakati huo Herron ni mhariri wa machapisho ya sheria London, anarudi Oxford kwa treni jioni ndiyo anaandika, maneno kama 350 kwa siku. Kilitoka kimya kimya, mchapishaji wake Uingereza cha pili hakukitaka, kikachapishwa Marekani na Soho Press, halafu hichohicho kilichokataliwa kikachukua Gold Dagger ya 2013, tuzo ya heshima kabisa ya riwaya za uhalifu Uingereza. Ukijua hiyo historia halafu ukasoma kuhusu watu waliotupwa jengo la uchochoroni, unacheka mwenyewe.

Asiye mtu wa vitabu aanze na series, sizoni ya 1, halafu akipenda aende moja kwa moja kitabu cha pili. Wale wa "ni kitu kimoja" wasalimie, waambie wameona movie bila DJ.

Mume wangu ameangalia sizoni tatu kwa wiki moja na sasa anajiita Lamb. Soksi hafui, miguu juu ya meza, nikisema ananijibu kejeli. Mimi huyo mtu ananitia kichefuchefu, mara anajamba, mara anamtukana mlevi aliyeacha pombe, hivi kinachosifiwa ni nini? – Mke wa mtu, Tegeta

Pole sana mama. Mwambie baba kwamba Lamb hana mke.

Nakubaliana na wewe kwamba ni mtu wa kuchukiza, na ndivyo alivyoandikwa, usifikiri umekosea kuangalia. Mara ya kwanza tunapokutana naye anaamshwa na ushuzi wake mwenyewe. Lakini mwangalie vizuri, uchafu wake una kazi. Watu wakiziona zile soksi zenye matundu na lile koti, wanamaliza kumpima, wanageuka, na hapo ndipo anapowashika. Vitabuni linasemwa wazi zaidi, kwamba huyo mtu mnene mwenye kukohoa anaweza kupanda ngazi ileile inayolia kwa kila mtu na usimsikie mpaka amesimama nyuma yako. Alifanya kazi Berlin enzi zile za ukuta, aliona watu wake wakifa, na kitu kimoja tu kimebaki ambacho hakichezei: majasusi wake wa chini wasiguswe. Yeye atawatukana asubuhi mpaka jioni, ila mwingine akiwagusa, hasa wale wakubwa wa makao makuu, anaamka.

Halafu huyo mlevi aliyeacha pombe, Catherine Standish, ndiye wa kumtazama. Saskia Reeves anaigiza kwa kunyamaza, anashona midomo tu na unaelewa. Alikuwa katibu wa mkuu wa zamani wa MI5, Charles Partner, ambaye yeye anaamini alijiua. Sizoni ya 1 inatuonyesha kwamba Partner alikuwa msaliti na Lamb ndiye aliyemuua. Sasa rudi nyuma uangalie kila anapomtania kuhusu pombe, anapommiminia glasi akijua hanywi. Ni ukatili? Ndiyo. Ni njia ya mtu mwenye hatia kumweka karibu bila kumwambia ukweli? Mimi naona hivyo, dada yangu anaona nadanganywa na uigizaji mzuri, tumegombana hili mpaka wali ukaungua.

Na kuna utani wa juu juu ambao wenye umri wetu tunaupata, kwamba huyu Oldman ndiye aliyeigiza George Smiley kwenye filamu ya 2011 iliyotokana na riwaya ya John le Carré, yule jasusi nadhifu, mpole, miwani safi, suti imekaa. Yaani ni mwigizaji yuleyule, ujasusi uleule wa Kiingereza, wamembadilisha tu akaja amevaa soksi chafu.

Sizoni ya 5 kejeli zimezidi kidogo, nakiri ilinichosha, kila mlango ukifunguliwa lazima Lamb aseme kitu. Baba akifika huko atachoka na yeye, soksi zitafuliwa.

Nimeona mwandishi wa hiyo series anaitwa Will Smith. Ni yule wa kofi? – Bodaboda mpenda muvi, Kisumu

Hapana kaka, ni Mwingereza mwenye jina hilohilo, mchekeshaji wa zamani aliyeandika The Thick of It na Veep, zile komedi za wanasiasa wanaotukanana. Ndiyo maana mikutano ya MI5 kwenye Slow Horses inanoga hivyo, watu wanachomana visu kwa tabasamu. Mwaka 2024 alichukua Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa uandishi na akapanda jukwaani akawatuliza watu kwamba pamoja na jina lake amekuja kwa amani. Ameshaondoka, sizoni ya 5 ndiyo yake ya mwisho.

Assalamu alaikum. Sisi huku tumechoka, kila series ya ujasusi ya Wazungu gaidi ni Muislamu, ndevu, anaswali, anaripuka. Kijana wangu ananambia hii ni tofauti, nami simuamini. – Baba wa watoto, Unguja

Waalaikumu salaam mzee wangu. Kijana amesema kweli kwa sizoni ya 1, lakini na wewe usimuachie kabisa.

Sizoni ya 1 aliyetekwa ndiye Muislamu. Hassan, mwanafunzi wa asili ya Pakistani, mtoto wa watu, ndoto yake kuwa mchekeshaji wa jukwaani, anatekwa na Waingereza weupe wanaojiita Sons of Albion wakisema watamkata kichwa mbele ya kamera. Na linalouma zaidi, mpango mzima umepikwa na mkubwa wa MI5 mwenyewe, Diana Taverner, alipandikiza mtu wake kwenye kundi ili idara imuokoe kijana, ipate sifa, na familia ya Hassan ina mkubwa Pakistan ambaye angekuwa na deni kwa Waingereza. Likamponyoka. Kristin Scott Thomas anamuigiza huyu mama kwa ubaridi hadi unatafuta shuka.

Nilichokipenda, Hassan hakufanywa mzoga wa kusubiri kuokolewa. Anaongea na watekaji, anatafuta pa kupenyea, anatumia ule uchekeshaji wake, na ana woga wa kweli. Kitabuni tunakaa kichwani mwake zaidi, zile kurasa zake gizani ni nzito.

Sasa upande wa pili. Sizoni ya 5 imetoka kwenye London Rules, na kwenye kitabu wanaofanya mauaji ni watu wa Korea Kaskazini. Kwenye TV wamegeuzwa Walibya. Ninaelewa hoja yao, kwamba Uingereza ina damu yake Libya na stori inawarudishia Waingereza mbinu zao wenyewe za kuvuruga nchi za watu, na hilo linasemwa waziwazi. Lakini mzee, walikuwa na Wakorea mkononi wakawaweka pembeni wakaleta Waarabu. Ukikunja uso hapo sitakwambia umekosea.

Hivi MI5 kweli wana jengo la waliofeli? Na makao makuu yao ni pale Regent's Park? – Mpenda siri, Dodoma

Hapana na hapana. Makao makuu ya kweli ni Thames House, kando ya mto, karibu na Bunge, wapo hapo tangu 1994. Herron aliwahamishia Regent's Park kwa raha zake, wahusika wanapaita "the Park" tu. Mtaa wa Slough House upo kweli, ni Aldersgate Street jirani na stesheni ya Barbican, na mashabiki wanaenda kupiga picha mbele ya mlango mpaka leo.

Lingine linalowachanganya wengi, MI5 ni usalama wa ndani ya nchi, wa nje ni MI6, ndiko alikopelekwa James Bond na waandishi wake. Ndiyo maana kina River hawapandi ndege kila episodi kwenda fukwe za watu, wanapanda basi. Sizoni ya 2 nzima inaanzia kwenye basi! Treni zimekwama, abiria wamehamishiwa basi, jasusi mzee anakufa kwenye kiti kama amelala, na kila mtu anaona ni moyo tu isipokuwa Lamb.

Rafiki yangu kasoma vitabu vyote na kila nikimpenda mtu ananikonyeza. Nimeanza kuogopa kumpenda mtu. Nisome mwisho nijue wanaokufa au nimpige? – Mwenye hasira, Thika

Mpige kidogo.

Halafu nikutie moyo kwa njia mbaya, hofu yako ni ya haki, Herron anaua. Na haui wageni waalikwa wale wa episodi moja, anaua mtu ambaye umeshajua anakunywa chai na sukari ngapi. Sizoni ya 2 kuna mmoja ambaye mimi nilisimamisha nikaenda jikoni kuosha vyombo visivyokuwa vichafu. Series imekuwa jasiri kufuata, maana kwa kawaida mwigizaji akipendwa wanamuokoa ili mashabiki wasisuse.

Ila rafiki yako hajui kila kitu kama anavyojidai. Wanabadilisha. Sizoni ya 3 inaanzia Istanbul na mapenzi ya maofisa wawili, kitabuni hiyo haipo. Sizoni ya 4, kwenye kitabu mlipuko wa Westacres, jengo la maduka, unatokea vijana wamekusanyika kucheza muziki, kwenye TV ni gari. Na kuanzia sizoni ya 6 hesabu ya kitabu kimoja kwa sizoni moja imevunjwa, wanachukua viwili kwa pamoja, Joe Country na Slough House, kwa hiyo kuna watu watakaokufa mapema, kuna watakaochelewa, na kuna faili moja la tangu sizoni ya 1 ambalo mimi nisingelifunga. Mkonyeze na wewe hilo, uone kama atatulia.

Sisi Waswahili tunasoma ujasusi tangu zamani, baba yangu ana Willy Gamba wote kabatini. Kwa nini hakuna anayetutengenezea? Au mpaka Wazungu waje? – Mtoto wa maktaba, Mwanza

Swali hili limekuja kwa sura tofauti kutoka kwa wengi, nimechagua la kwako kwa sababu ya hilo kabati.

Kwa wadogo wasiojua, Willy Gamba ni jasusi wa Kitanzania wa riwaya za Elvis Musiba, Kufa na Kupona ilitoka 1974, na watu walikuwa wanaazimana mpaka jalada linachanika. Kipindi kile Dar ndiyo makao ya wapigania uhuru wa nusu ya Afrika, majasusi wa makaburu wanapita Kariakoo, yaani malighafi ilikuwa inatembea barabarani. Wazungu kuja wamekuja, The Constant Gardener ya le Carré walikuja kupiga Kenya, Kibera na huko Turkana, ikatoka 2005 na Rachel Weisz akabeba Oscar. Wakafunga kamera zao wakaondoka.

Kila nikisema hili naambiwa bajeti. Bajeti ya nini? Kama tunataka Willy arushe magari na kuruka na helikopta kutoka ghorofa la Posta, sawa, hela hatuna. Lakini Slow Horses inachokupa muda mwingi ni nini, ngazi, meza, watu saba wanaochukiana, mvua nje. Sisi ofisi zenye mafaili yaliyofungwa kamba na feni isiyozunguka tunazo za kumwaga. Chukua ofisa wa idara aliyeboronga, mpeleke masijala wilayani, mpe bosi anayekula mihogo juu ya faili za siri, halafu siku moja faili lije ambalo halikutakiwa kufika kwake.

Ninachoogopa mimi ni maandishi. Tutachukua Willy Gamba, tutampa sura nzuri na miwani ya jua, tutasahau kwamba Musiba alikuwa anakufanya usikie Dar na Nairobi na Kinshasa, tutabaki na ngumi. Na tutamuweka mwigizaji ambaye hakubali kuonekana mchafu kwenye kamera. Oldman ana Oscar kabatini na amekubali kujamba mbele ya dunia nzima, wetu nani atakubali? Nitumieni majina, lakini wawe wamezidi miaka hamsini na wasiwe wauza sura.